Jina la Tatu

Jumapili, 6 Oktoba

Leo serikali imesogeza saa mbele, tumeamka tukiwa tumeshachelewa ibada. Mwalimu wetu wa Kiingereza pale Fairfield, hapa Sydney, alisema kila mmoja anunue daftari aandike kila siku, hata mstari mmoja, kwa lugha yoyote, ili mkono uzoee. Kiingereza changu kingeisha ukurasa wa kwanza. Naandika Kiswahili changu cha Bukavu, na shule yangu iliishia darasa la sita. Atakayecheka acheke.

Baada ya ibada bwana yangu Précieux alileta wageni wawili wa kazini kwake, kule ghalani Smithfield. Mmoja ni Juvénal, Mrundi wa miaka hamsini na kitu, mtu wa maneno. Wa pili ni mwanamke. Armelle. Naye Mrundi, ila amekulia kambini Tanzania, kwa hiyo Kiswahili chake kimenyooka kama kimepigwa pasi. Ndiye anayeendesha foklifti, ile mashine ya kuinua mizigo. Mimi kwa miezi yote nilikuwa nasikia "Armelle wa foklifti" nikidhani ni mama mnene wa makamo. Si mnene.

Walisogeza sufuria yangu ya sombe, majani ya muhogo, pembeni wakatandaza ramani. Wanataka kwenda kuwinda kulungu, nje ya jimbo letu hili, mwakani msimu ukifunguliwa. Précieux alipata leseni yake ya silaha mwezi wa saba. Baba yake alikuwa mwindaji, na tangu tufike Australia sijamwona ametaka kitu kama anavyotaka hiki.

Juvénal alitaka Nyuzilandi. Akatuonyesha kwenye simu mnyama anaitwa wapiti, kulungu mwenye uzito wa ng'ombe dume, pembe kama mti uliopukutika majani.

"Ukitaka kuoa, oa binti wa mfalme," akasema.

"Mzee, goti lako linapanda ngazi za stesheni kwa maombi," Armelle akamjibu. "Huyo anakaa juu mlimani. Tutaanza kukutafuta wewe kwanza, mnyama baadaye."

Précieux alicheka mpaka akafuta machozi. Tangu nimzae Prince sijamchekesha hivyo.

Wakati wa kuaga Armelle akaniambia, "Shemeji, sombe yako ina mawese ya kweli, nimekumbuka mbali." Nikasema asante kama mtu anayetoa jino.

Jumanne, 8 Oktoba

Prince ameota jino la pili. Ameniuma.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimegundua jambo na sijui niliweke wapi. Sheria inataka bunduki ifungiwe kwenye sefu iliyopigiliwa ukutani. Mwenye nyumba yetu hataki mtu atoboe ukuta wake. Basi nimemwuliza Précieux, hiyo bunduki yako uliyonunua iko wapi? Akasema, "Iko kwa Armelle, ana sefu kubwa." Akaendelea kula.

Kwa hiyo kitu anachokipenda bwana yangu kinalala nyumba ya mwanamke mwingine. Akitaka kukiona lazima apige hodi kwake. Na karatasi za serikali zinasema ni halali.

Jumamosi, 19 Oktoba

Wamekwenda uwanja wa shabaha, asubuhi hadi saa tisa. Alipokuja nilihesabu "Armelle amesema" mara kumi na moja kabla ya kuvua viatu. Armelle amesema upepo ukikupiga shingoni rudi nyumbani, mnyama ameshasikia harufu yako. Armelle amesema usivute pumzi, iache itoke yenyewe. Nikamwambia, "Na kunawa mikono, Armelle hakusema?" Akanawa. Hakuelewa, au alielewa.

Jumanne, 22 Oktoba

Joto. Nimefua vitambaa vya Prince mara mbili.

Jumapili, 27 Oktoba

Leo wamechagua mahali, na mimi nimeshindwa vita ambavyo hakuna aliyejua napigana.

Nyuzilandi imetoka yenyewe. Juvénal hajapata pasipoti, hata akilia. Zikabaki Victoria na Tasmania. Nilikuwa nimejipanga. Nilimlisha Précieux wiki nzima maneno ya Victoria: ni karibu, unakwenda na gari, unalala siku mbili unarudi, na huko hakuna kungoja kura ya vibali kama Tasmania, mwenye leseni anaingia msitu wa serikali anawinda. Leo akayasema yote mezani kama ni yake. Nilikuwa nakaanga ndakala, dagaa wa kwetu, nikageuza uso kwenye sufuria nisionekane nafurahi.

Armelle akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kaka, ndiyo, kila mwenye leseni anaingia. Hapo ndipo penye shida. Utakuwa wewe kwenye kichaka, na nyuma ya kichaka yuko mtu usiyemjua, amekesha anakunywa bia, naye anangoja kitu kitikisike. Tasmania msitu umegawanywa. Kundi likitoka kwenye kura linapewa kipande chake na siku zake, hakuna mwingine anayepiga risasi humo. Kwenye kundi langu kuna baba wa watoto wawili. Nataka arudi."

Juvénal akasema, "Na babu wa wajukuu wanne, hamjali?"

"Wewe umeshaishi."

Wakacheka, wakachagua Tasmania. Siku nane, hema, baridi. Na mimi kilichonichoma si siku nane. Ni kwamba aliwafikiria watoto wangu kabla yangu. Mimi nilikuwa nafikiria tu wapi atalala.

Kura inaombwa kwa kundi. Fomu moja kwenye mtandao, majina ya wote na namba za leseni zao. Ikitoka, wanaingia walioandikwa. Asiyeandikwa haendi. Précieux akasema mbele ya watu, kwa maringo kabisa, "Mke wangu ndiye anayesoma Kiingereza. Atajaza yeye."

Armelle akasema, "Afadhali shemeji. Mimi fomu zinanitetemesha."

Jumatano, 30 Oktoba

Binti yangu Lydie amerudi shule na karatasi, wanataka wazazi waandike aina ya chakula tunachokula nyumbani, sijui kwa nini. Namwongelesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza. Miaka sita na ananitafsiria mimi.

Jumapili, 3 Novemba

Armelle aliketi mstari wa mbele yetu kanisani. Ana shingo nzuri.

Ijumaa, 8 Novemba

Naandika haya usiku, mlango nimefunga, feni iko mbele yangu.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya fomu, mwisho saa kumi na moja jioni. Précieux aliniachia simu yake, kwa kuwa barua pepe zake zinaingia humo na kazini haruhusiwi kuwa nayo. Aliniachia na karatasi yenye majina matatu na namba tatu, mwandiko wake ule wa kulala. Joto lilifika nyuzi thelathini na sita. Maua ya zambarau ya mti wa jirani yamejaa juu ya gari lake kama ameoa. Nilimnyonyesha Prince mpaka akalala begani, nikafungua simu kwa mkono mmoja.

Ujumbe wa Armelle ulikuwa juu kabisa, wa jana yake. Sikuutafuta. Ulikuwa juu. Unasema: "Kaka, leta soksi za sufu mbili mbili. Baridi ya kule haiheshimu hata cheti cha ndoa." Na kichwa kile cha manjano kinachocheka.

Na bwana yangu amejibu na vichwa vitatu vinavyocheka.

Ni mzaha. Nilijua ni mzaha, mimi si mtoto. Lakini niliketi nikauangalia kama mtu anayeangalia maziwa yanafurika na hanyanyuki.

Nikafungua fomu. Jina la kwanza, Précieux, kiongozi wa kundi. Namba. Jina la pili, Juvénal. Namba. Kisha ukurasa ukauliza: unaongeza mwindaji mwingine? Ndiyo, hapana. Prince alikuwa anapumulia shingoni mwangu. Nilisoma swali lile mara nyingi, na kwa Kiingereza changu kidogo lilikuwa rahisi kuliko maswali yote ya mwalimu.

Nikabonyeza hapana.

Wakaniuliza tena: una uhakika? Watu wa nchi hii wanakuuliza kila kitu mara mbili. Nikabonyeza ndiyo.

Ikaenda. Nikachana karatasi ya majina vipande vidogo nikaitia kwenye mfuko wa nepi. Jioni Précieux akauliza, "Umejaza?" Nikasema, "Nimejaza." Akanibusu kichwani. Alinuka makaratasi ya ghala na jasho, nikampenda sana, nikaogopa.

Jumamosi, 9 Novemba

Sina la kuandika.

Jumapili, 17 Novemba

Naomba wasitoke kwenye kura. Kundi lisipotoka, hakuna atakayeangalia majina, na dhambi itakufa bila kuzikwa. Nimemwomba Mungu waziwazi hivyo. Sijui kama maombi ya namna hiyo anayapokea.

Jumatatu, 25 Novemba

Radi usiku, umeme ulikatika saa mbili. Précieux hakuamka. Alikuwa anatabasamu usingizini na mimi nikajiuliza yuko msitu gani.

Alhamisi, 28 Novemba

Wametoka.

Barua iliingia saa nne asubuhi. Siku hizi simu anaiacha nyumbani makusudi, barua ikija niione mimi. Kundi lenu limechaguliwa. Tarehe sita hadi kumi na tatu Machi. Chini yake majina. Mawili, moja juu ya jingine, na chini yake nafasi nyeupe.

Ningeweza kuifuta. Niliwaza hilo, siandiki uongo humu. Nikaona nitakuwa nimemwibia mara mbili.

Alipofika nikamsomea. Alininyanyua na Prince mkononi, sote wawili, akatuzungusha mpaka Lydie akaanza kupiga kelele naye anyanyuliwe. Kisha akasema, "Soma majina, nisikie." Nikasoma. Akangoja.

"Na la tatu?"

"Hakuna la tatu."

"Uliliandika?"

Mdomo wangu ulijibu peke yake. "Niliandika yote. Labda namba yake imekataliwa."

Akakaa kwenye kochi taratibu. "Ikataliwe kwa nini?" akasema. Hakuwa ananiuliza mimi. Alikuwa tayari anafikiria kumpigia.

Jumanne, 3 Desemba

Armelle aliomba ruhusa kazini akaenda ofisi ya leseni, akapanga foleni toka asubuhi. Wamemwambia leseni yake ni safi, haina doa. Précieux anasema Armelle hakuamini. Aliwaomba waangalie tena, wakaangalia, bado hakuamini.

Précieux alipiga simu kule kwa watu wa kura. Wamesema fomu ilikuja na watu wawili. Akaniangalia. Nikasema, "Hizo kompyuta." Akasema, "Kweli, hizo kompyuta." Ananiamini kama mtu anayeegemea ukuta bila kuutazama.

Jumapili, 8 Desemba

Amekuja jikoni kwangu. Wanaume walikuwa nje na barbekyu, mimi namenya ndizi. Akachukua kisu akanisaidia bila kuuliza. Anamenya haraka, maganda membamba.

Akasema, "Shemeji, nikuulize wewe unayesoma. Kwenye ile fomu, jina langu lilipoingia, kulikuwa na rangi nyekundu? Alama yoyote?"

Nikasema sikumbuki.

"Nadhani kuna mtu amenisema vibaya mahali. Serikali haikuambii. Inakutoa tu kwenye orodha, unaona mwenyewe."

Nikamwambia hapa si kama kule. Akacheka kidogo.

Kisha akanieleza. Kambini majina ya wanaosafiri yalibandikwa kwenye ubao, nje ya ofisi. Alikuwa na miaka kumi na saba. Walikuwa sita nyumbani: mama, wadogo zake wanne, na yeye. Asubuhi moja majina yalitoka. Mama hajui kusoma, yeye ndiye aliyesoma. Akasoma matano. Akaanza tena juu, kwa kidole. Matano. Mara ya tatu watu nyuma yake wakamwambia, binti, toka na sisi tuone.

"Nani alikosea?" nikauliza.

"Mpaka leo sijui. Mtu mmoja aliyekuwa anaandika. Labda alichoka, labda chai ilikuja." Akaendelea kumenya. "Wao walikuja Sydney, mimi nikabaki miaka miwili na nusu peke yangu. Mama alifia hapa. Nilifika baada ya mazishi, wiki tatu."

Nilijikata kidole. Akanishika mkono akaupeleka kwenye bomba, akaubana kwa kanga yangu, ananipulizia kama mimi ni mtoto. "Pole, shemeji. Pole." Na mimi nalia, na yeye anadhani ni kidole.

Jumatatu, 9 Desemba

Mtu mmoja aliyekuwa anaandika.

Jumapili, 15 Desemba

Bado nina wivu. Nilidhani utaisha nikimhurumia, kumbe vinakaa pamoja kama wapangaji. Leo alimbeba Prince kanisani akalala kifuani kwake na mimi nikataka kumnyang'anya. Huku moyo unasema, mwache, ana nani mwingine wa kubeba.

Jumatano, 25 Desemba

Noeli. Mbuzi alikuwa mtamu. Armelle hakuja, alisema ana shifti. Précieux alipitisha jioni ameshika simu hazungumzi. Anasema bila Armelle yeye na Juvénal ni vipofu wawili. Anafikiria kuacha.

Nilitaka asiende naye. Sasa anataka asiende kabisa, na bado simo kwenye mawazo yake.

Jumapili, 5 Januari

Baada ya ibada Mama Chibalonza alimsuka Lydie pale uani. Ni mama wa kwetu Kongo, Mlega wa Mwenga, amehudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee Granville mpaka yeye mwenyewe kawa mzee. Akasikia wanaume wanazungumza kulungu. Akanitupia jicho.

"Bwana yako anaingia porini. Umeshatema?"

"Kutema nini, mama?"

"Eh! Watoto wa mjini. Kwetu, kabla wanaume hawajabeba nyavu, wake zao walikaa mbele yao. Kila mmoja anasema alichoficha. Amesengenya, amesema. Amekwenda kwa mwanamume mwingine, amesema. Kisha anatema mate chini, wanaume wanaruka mate yale wanakwenda. Neno likibaki tumboni mwa mke, wavu unarudi mtupu. Au wavu unarudi, mume harudi."

"Sisi ni watu wa kanisa, mama."

"Na kanisani hamuungami? Tofauti ni moja tu." Akavuta msuko, Lydie akasema ai. "Hapa unamwambia Mungu kimya kimya, mnamalizana. Kule lazima uliyemkosea awe amekaa hapo anasikia."

Sikula mchana.

Jumanne, 7 Januari

Nyuzi thelathini na nane. Nimejaribu kumwambia Précieux akinyoa. Nilisema, "Baba Lydie," akasema, "Mm?" nikasema, "Sabuni imeisha."

Jumamosi, 11 Januari

Nimesema.

Niliwaalika mwenyewe wote, Juvénal na Armelle, nikasema nina sombe. Lydie nikamfungulia maji ya bustani achezee nje, Prince nikamlaza. Walikuwa wanabishana kama waende wawili au waache. Nikasimama pale mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi, sikukumbuka kuuweka chini.

"Kompyuta haikukosea," nikasema. "Ni mimi. Iliniuliza kama kuna mwindaji mwingine, nikasema hapana. Niliona wivu juu yako, Armelle. Bunduki yake iko kwako, kicheko chake kiko kwako. Nikakuacha nje ya orodha. Kisha ukanieleza habari ya ubao na bado nikanyamaza mwezi mzima."

Feni ilikuwa inazunguka. 

Juvénal akajaribu, mzee wa watu. "Basi afadhali, mimi nilidhani wamenichoka mimi…" Sentensi ikamfia.

Armelle hakupiga kelele. Hilo ningeliweza. Alisema polepole, "Niliacha kazi siku mbili. Nilibadilisha kufuli ya mlango. Kila gari likisimama barabarani nasema ndio hao wamekuja kunichukua. Na wewe ulinibana kidole… hapana, mimi ndiye nilikubana kidole."

"Ndiyo."

"Jina langu lilikuwa mkononi mwako kwenye karatasi. Uliliona."

"Niliona."

Akanyanyuka, akachukua funguo zake za gari. Précieux, ambaye tangu nianze alikuwa anaangalia meza, akasema, "Kaa, dada. Tafadhali." Kisha akaniambia bila kuniangalia, "Leta simu. Ile barua ya kura, kulikuwa na sharti gani la kubadilisha watu?"

Nilikuwa nalijua kwa moyo, nimelisoma mara mia. Kuongeza mtu haiwezekani. Kubadilisha mtu inawezekana, mara moja, kabla ya mwisho wa Januari.

"Toa langu," akasema. "Weka lake."

"Sitaki sadaka yako, kaka," akasema Armelle.

"Si sadaka. Ni kiti chako. Nimekikalia toka mwezi wa kumi na moja bila kujua."

"Na mke wako atafurahi. Ndicho alichotaka, ukae nyumbani."

Hakuna neno lililowahi kunipiga hivyo. Kwa sababu lilikuwa kweli, na kwa sababu nilimwona Précieux akilisikia.

Nilimwomba Armelle herufi moja moja, nikaandika jina lake lote, na namba. Alinisimamia begani. Ukurasa ukauliza kama nina uhakika. Nikamwonyesha. Akasoma mara tatu, kwa kidole, akabonyeza mwenyewe.

Mlangoni nikasema, "Nisamehe." Akasema, "Leo hapana. Leo nina hasira, na nina haki nayo. Nikirudi nitaona." Akafika kwenye gari, akarudi hatua mbili. "Bunduki ya kaka itabaki kwenye sefu yangu. Ukiiota, niambie ilikuwa inafanya nini."

Juvénal alicheka. Mimi sikujua kama nimeruhusiwa.

Jumapili, 12 Januari

Précieux amelala kwenye kochi. Anasema ni joto.

Alhamisi, 23 Januari

Asubuhi: "Nakwenda." Jioni: "Nimerudi." Anawabeba watoto, anaosha vyombo, hajanitukana hata neno. Ningeshukuru angenitukana.

Jumapili, 2 Februari

Mvua kubwa, na upepo wa kusini umetoa joto lote kwa nusu saa. Nilitoka nje kwa miguu mitupu. Amerudi kitandani, amenipa mgongo. Mgongo ni bora kuliko kochi. Nautazama, naujua wote.

Jumanne, 11 Februari

Mwalimu amesoma daftari langu bila kulisoma, amepekua tu akasema kurasa ni nyingi, vizuri sana.

Jumanne, 4 Machi

Wameondoka alfajiri na gari la Armelle, mpaka upande wa Melbourne, kisha meli ya usiku. Précieux aliwapelekea soksi zake za sufu, jozi nne. Alimfundisha Juvénal jinsi ya kufunga goti. Alizunguka gari lile akigusa kila tairi kama anaaga farasi.

Mimi nilitoka na chupa ya chai na ndizi za kukaanga. Armelle alizipokea. "Shemeji," alisema, basi. Ila alisema shemeji.

Siku za likizo za Précieux zilishasainiwa kazini toka Desemba. Kwa hiyo yuko nyumbani siku zote hizo. Nyumbani kabisa, kama nilivyoomba.

Alhamisi, 6 Machi

Leo ndiyo siku yao ya kwanza porini. Précieux aliamka saa kumi alfajiri, saa ambayo wenzake wangekuwa wanaingia, akakaa kwenye ngazi ya nyuma na kikombe mpaka jua likatoka. Nilimwona dirishani. Sasa sina wivu juu ya Armelle. Nina wivu juu ya ngazi ile.

Ijumaa, 7 Machi

Lydie amemwuliza mezani, kwa Kiingereza chake cha shule, kwa nini yeye hakwenda na wenzake wakati alikuwa anataka sana. Nikaacha kutafuna. Nikasema moyoni, amwambie, ni haki yake, mtoto ajue mama yake ni mtu wa namna gani.

Akamjibu kwa Kiswahili, pole pole ili aelewe. "Nafasi zilikuwa mbili. Shangazi yako Armelle alikuwa mbele yangu."

"Oh," akasema Lydie. Akaomba juisi.

Précieux hakuniangalia. Lakini angeweza kuniuza kwa mwanangu kwa sentensi moja, na hakuniuza. Nimeosha sahani moja dakika kumi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekuwa na bwana nyumbani siku tano nzima, na siku zote tano nimemkosa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepika maharage na ugali, na samaki mdogo. Prince alikuwa ananivuta kanga, sikuonja. Précieux alikula tonge la kwanza, la pili. Akasimamisha mkono. Akaniangalia, usoni, mara ya kwanza tangu Januari.

"Mama Lydie," akasema, "maharage haya hayana chumvi kabisa."

Nikasema, "Eh, kweli?"

"Kabisa. Unataka kutuua."

Nilikwenda kuchukua chumvi. Nilikaa kule jikoni kidogo, nimeshika kopo, nasikia watoto wanavyopiga vijiko. Kisha nikampelekea.